Fanani Mtandaoni: Tovuti ya Msanii kama Uhariri wa Matini

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kukubaliana kwamba kazi ya fanani haikamiliki bila hadhira, na kwamba wimbo au igizo linapoondolewa mahali pake hupoteza sehemu ya maana yake. Hata hivyo, mahali ambapo fanani wa leo hutazamwa na watu wa mbali kuliko popote pengine hapajapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa Kiswahili. Mahali hapo ni tovuti yake, yaani kurasa za intaneti anamowekewa picha, sauti, wasifu na orodha ya maonyesho, ili wanaotaka kumwalika au kumwajiri wamfahamu. Kazi ya kuzibuni kurasa hizo huachiwa fundi wa kompyuta, na ikizungumzwa huzungumzwa kwa upande wa rangi, mpangilio na picha tu. Kwa maneno yaliyozoeleka katika uhakiki wetu, huangaliwa fani bila maudhui.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kubuni tovuti ya msanii wa maonyesho ni kuhariri matini. Mbunifu huchagua lipi libaki na lipi liachwe, jina lipi litangulie, lugha ipi iandikwe na kwa tahajia ipi. Haya ndiyo maamuzi ya mhariri wa utenzi wa kale anapoandaa nakala ya kuchapishwa. Kwa hiyo mbunifu naye anastahili kuulizwa maswali yale yale: Je, mwenye kazi ametajwa? Je, imeelezwa nakala ilipatikana wapi na lini? Je, lugha ya matini imeachwa ilivyo, au imesahihishwa bila msomaji kuarifiwa?

Mazingira yaliyoteuliwa ni ya Luena, mji mdogo wa reli na makaa ya mawe katika eneo la Bukama, mkoa wa Haut-Lomami, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Fanani wa Luena anayetajwa humu ni wa kukisiwa, lakini kazi zitakazohakikiwa ni za kweli: santuri iliyotoka Kamina mwaka 1958, wimbo uliorekodiwa Jadotville mwaka 1952, na igizo lililotungwa Lubumbashi mwaka 1986. Zote tatu ni za watendaji wa Katanga waliofika kwa watu wa mbali kupitia ukurasa ulioandaliwa na mtu mwingine, na zote zina fundisho kwa yeyote anayetaka kuandaa ukurasa leo.

2.0 Luena na lugha zake

Historia ya Luena haitengani na historia ya reli. Njia ya reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Ikafika Bukama mwaka 1918. Na kipande cha kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo sasa huitwa Ilebo, kikakamilika mwaka 1928. Luena iko katika kipande cha kabla ya Bukama, kwa anayetoka kusini. Makaa yake ya mawe yalihitajiwa na viwanda vya shaba, na mahitaji hayo yaliwaleta pamoja wafanyakazi wa makabila mbalimbali.

Mahali pa namna hiyo hapawi na lugha moja. Kiluba ni lugha ya nyumbani kwa wengi na ni lugha ya nyimbo za asili. Kiswahili kilikuja pamoja na kazi. Kampuni ya Union Minière ilikitilia nguvu katika kambi zake kuanzia miaka ya 1920, ilipoanza kuwatafuta wafanyakazi Kasai na Rwanda badala ya Rhodesia ya Kaskazini. Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi. Mwaka 2015 mkoa wa Katanga uligawanywa kuwa mikoa minne, lakini mpaka mpya wa kiserikali haukubadili mgawanyo huu wa lugha.

Kiswahili hicho cha Katanga kina sarufi yake. Husema “batu” pale ambapo Kiswahili sanifu husema “watu”, “bintu” badala ya “vitu”, “mutu” badala ya “mtu”, na “banakuya” badala ya “wanakuja”. Huchanganya pia viunganishi vya Kifaransa bila haya. Wako wanaokiona kuwa Kiswahili kilichoharibika. Lakini mwaka 1965 André Yav alikitumia kuandika historia ya mji wa Elisabethville kwa ajili ya watu waliokuwa watumishi wa Wazungu, na maandishi yake sasa ni miongoni mwa hati muhimu za historia ya Kongo iliyoandikwa na Wakongo wenyewe. Lugha iliyoweza kubeba historia ya mji haishindwi kubeba ukurasa wa mcheza ngoma.

3.0 Jalada la santuri: Missa Luba

Kabla ya tovuti, msanii alitambulishwa na jalada la santuri. Jalada lilikuwa na picha mbele, maelezo nyuma, na majina katika mpangilio uliomwambia mnunuzi nani ni mkubwa na nani ni mdogo. Tovuti za wasanii zimeurithi mpangilio huo karibu bila kuubadili. Kwa sababu hiyo inafaa kuanza na santuri mashuhuri kuliko zote zilizotokana na Kamina.

Katika miaka ya 1950, Guido Haazen, padre Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda kwaya ya wavulana na walimu katika shule ya Kamina. Kwaya hiyo haikupewa jina la Kamina wala jina la Waluba. Iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, kwa heshima ya mfalme wa Ubelgiji. Kutokana na mazoezi ambamo mwimbaji kiongozi alibuni na wenzake wakaitikia, ilizaliwa misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mitindo ya Kongo, nayo ikaimbwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huo huo kwaya ilizuru Ulaya, na kampuni ya Philips ikatoa santuri yake. Miaka kumi baadaye sehemu ya Sanctus ilisikika katika filamu ya Lindsay Anderson iitwayo If...., na sauti za watoto wa Kamina zikawafikia watu ambao hawakuwahi kuliona jina la Kamina kwenye ramani.

Thamani ya kazi hii haina ubishi, na bila juhudi za Haazen huenda isingerekodiwa kamwe. Linalohakikiwa hapa ni namna ilivyoandikwa. Nota zilizochapishwa Marekani mwaka 1969 zilibeba jina la Haazen. Joachim Ngoi, mwalimu aliyekuwa mwimbaji kiongozi na ambaye ubunifu wake unasikika tangu mwanzo wa Kyrie, hutajwa, akitajwa, kuwa mwimbaji tu. Wavulana wapatao arobaini na watano hutajwa kwa idadi. Katika orodha za maktaba na za maduka ya santuri, anayetafuta hupata jina la padre na jina la mfalme kabla hajapata jina la mtu yeyote wa Kamina.

Jambo hili si la heshima peke yake. Sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inahifadhi haki za mtunzi na pia haki za mtendaji, na chama cha kukusanya haki hizo, SOCODA, kiliundwa mwaka 2011. Chama chochote cha namna hiyo hugawa fedha kwa majina. Pale ambapo neno “mtunzi”, neno “mpangaji” na neno “mwimbaji” yamewekwa ovyo, ovyo hiyo hatimaye huwa ni fedha iliyokwenda kwa mtu mmoja na kumkosa mwingine. Anayeandika jina chini ya picha anagawa mali, apende asipende.

Tena kuna hasara ya maana. Kyrie ya misa hiyo hutajwa kuwa imefuata mtindo wa kasala, utungo wa Waluba wa kusifu na kuomboleza ambamo mtu huitwa kwa majina yake, ya wazazi wake na ya ukoo wake. Ni kinaya kwamba mtindo ambao kazi yake ni kutaja majina umesafiri duniani kote ukiwa katika vinywa vya watu wasiotajwa.

4.0 Kadi na unukuzi: Masanga na Mufwankolo

Mfano wa pili ni wa Jean-Bosco Mwenda, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji ambao sasa ni Likasi, akipiga gitaa na kuimba Masanga kwa Kiswahili. Tracey, aliyeanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika mwaka 1954, alikuwa na desturi moja ambayo wabunifu wengi wa tovuti wa leo hawana: kila wimbo aliuandalia kadi. Humo aliandika jina la mpigaji, mahali, tarehe, lugha, ala na aina ya wimbo. Kadi hiyo ni kavu, haina picha wala sifa. Lakini msomaji wa leo akiwa nayo anajua nani aliimba nini, wapi, lini na kwa lugha gani. Yapo mengi ya kumlaumu Tracey, ikiwemo tabia ya kufupisha maneno ya wimbo katika sentensi moja au mbili, kana kwamba maneno ni kifuniko cha gitaa. Kadi yake, hata hivyo, imedumu kuliko majalada mengi yenye rangi.

Ukosefu wa maneno umekuwa na matokeo. Wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wamejifunza Masanga kidole kwa kidole, na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipanda jukwaani katika tamasha la Newport, Marekani. Lakini walioyajadili maneno yake kama utungo wa Kiswahili ni wachache mno wakilinganishwa na walioyajadili mapigo ya vidole vyake. Aliyekuwa malenga na mpiga gitaa kwa pamoja amebakizwa upande mmoja. Aidha, jina lake limetawanyika. Kuna Jean-Bosco Mwenda, kuna Mwenda Jean Bosco, kuna Bosco peke yake, na kuna Mwenda wa Bayeke, jina linalomrudisha katika nasaba yake. Anayetafuta kwa jina moja hukosa kilichohifadhiwa kwa jingine. Mwenda alifariki katika ajali ya barabarani nchini Zambia mwaka 1990, kabla wasanii wa Katanga hawajawa na tovuti, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuamua mwenyewe majina hayo yakusanywe vipi.

Mfano wa tatu umekwenda upande mwingine. Mwaka 1986 Johannes Fabian, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo la Lubumbashi maana ya msemo kwamba madaraka huliwa yakiwa mazima. Badala ya kumpa fasili, waigizaji waliufanyia msemo huo igizo. Walijadiliana, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, wakaigiza mbele ya kamera za televisheni. Fabian alinasa mazungumzo na mazoezi, akayanukuu katika Kiswahili cha Katanga, akayachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake wa Amsterdam walianzisha katika intaneti hazina ya matini za Kiswahili cha watu wa kawaida wa Katanga. Mwaka 2008 alitoa kitabu kizima kuhusu maana ya kuandika ufafanuzi wakati matini yenyewe inapatikana kwa msomaji mtandaoni.

Katika unukuzi wa Fabian hakuna “batu” aliyegeuzwa kuwa “watu”. Kusitasita kwa msemaji kumebaki, na Kifaransa kilichoingia katikati ya sentensi kimebaki. Msomaji wa Dar es Salaam hukwama mwanzoni, kisha masikio yake huzoea, na mwishowe humsikia mtu badala ya kusoma muhtasari. Zaidi ya hayo, igizo halikuonyeshwa likiwa limekamilika tu. Lilionyeshwa likitungwa, na hapo ndipo uwezo wa waigizaji hao unapoonekana waziwazi.

Upungufu nao upo. Utangulizi na ufafanuzi wa hazina hiyo ni wa Kiingereza, na mwenye ufunguo ni chuo cha mbali. Mwigizaji wa Lubumbashi hawezi kuongeza neno wala kuondoa. Kwa hiyo kazi za kweli zilizohakikiwa zinatupa vipande vitatu: jalada lenye sauti na picha lakini majina yaliyopotoka, kadi yenye majina na mahali lakini maneno yaliyofupishwa, na unukuzi wenye maneno kamili lakini usiomilikiwa na msemaji. Tovuti ya leo inaweza kuviunganisha vipande hivyo. Swali ni kwa nini mara nyingi haifanyi hivyo.

5.0 Majigambo yasiyo na mwitikio

Tovuti ya kawaida ya msanii ina umbo linalojulikana. Juu kuna picha kubwa, na chini yake wasifu uliosemwa kwa nafsi ya tatu kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Baada ya hapo huja picha nyingi, orodha ya matamasha na anwani ya mawasiliano. Lugha huwa ni Kifaransa au Kiingereza. Maneno ya nyimbo hayapo, na hata lugha ya nyimbo aghalabu haitajwi, ila huitwa “lugha ya asili”.

Kiutanzu, huu ni utungo wa majigambo. Jamii zetu zinaujua utanzu huo vizuri. Wahaya wana vivugo vyao, na Waluba wana kasala. Lakini majigambo ya asili yana sharti: hutolewa mbele ya watu wanaomfahamu mjigambi, wanaoweza kuitikia, kucheka au kukanusha. Anayejisifu kwa vita asivyopigana hukatizwa papo hapo. Tovuti imechukua sifa ikaacha mwitikio. Kwa kuwa msomaji wa mbali hana namna ya kupima, mbunifu hujaza maneno makubwa: “mashuhuri”, “wa kimataifa”, “wa kipekee”. Maneno hayo hayapimiki, kwa hiyo hayamtofautishi msanii mmoja na mwingine. Ushahidi unaopimika, yaani maneno aliyoyaimba, siku aliyoyaimba na watu waliomwitikia, ndio ulioachwa nje.

Hapa kuna hesabu moja rahisi inayopasa kuzingatiwa na kila mbunifu. Video ya dakika tatu, ikiwa na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, ina uzito wa megabaiti 45. Sauti ya dakika tatu iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ina uzito wa megabaiti 1.4 hivi. Matini ya maneno 2,000 ya Kiswahili ina uzito wa kilobaiti zipatazo 15 tu. Kwa maneno mengine, uzito wa video hiyo moja ungebeba matini 3,000 za namna hiyo. Kwa mtu anayenunua intaneti kidogo kidogo kwa simu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ukurasa utafunguka au hautafunguka. Kitu chepesi kuliko vyote kubebwa ndicho kinachoachwa mara nyingi kuliko vyote. Sababu ya kukiacha, basi, haiwezi kuwa gharama ya kukipakia. Sababu ni mazoea ya kumwona fanani wa Kiafrika kama mwili unaocheza na sauti inayolia, na kutomwona kama mtu anayesema jambo.

6.0 Ukurasa wa fanani wa Luena

Je, ukurasa unaofaa ungekuwaje? Mahali pa kuanzia si mbali. Waluba walikuwa na lukasa, ubao mdogo wa kushikwa mkononi uliopambwa kwa shanga na michoro, ambao wajuzi wa chama cha mbudye waliupapasa huku wakisimulia asili ya ufalme, nasaba na mahali patakatifu. Lukasa haikusema kila kitu. Ilipanga kumbukumbu, na msimulizi aliifafanua kulingana na waliokuwa mbele yake. Ukurasa mzuri una tabia hiyo hiyo: alama chache zilizopangwa kwa makini, kila moja ikiwa mlango wa simulizi kamili.

Alama ya kwanza ni jina. Liandikwe kama mwenyewe anavyojiita jukwaani, na chini yake majina mengine yote anayojulikana kwayo, ili atafutwaye kwa jina moja asipotee kwa jingine. Ikiwa ni kundi, mpiga ngoma wa mwisho atajwe kwa jina kama mwimbaji wa kwanza, kwa idhini yake. Itajwe pia nani alitunga, nani alipanga na nani alitenda, kwa maneno matatu tofauti, na wimbo wa jadi uitwe wa jadi.

Ya pili ni tukio. Kila sauti na kila picha iwe na kadi yake: mahali, tarehe, shughuli na hadhira. Wimbo ulioimbwa msibani usiwekwe kana kwamba uliimbwa kwenye tamasha. Maelezo haya hayazidi mistari mitatu, lakini bila hayo picha ni pambo.

Ya tatu ni maneno. Yanukuliwe kama yalivyotamkwa, yawe ya Kiluba au ya Kiswahili cha Katanga. Kando yake iwekwe tafsiri ya Kiswahili sanifu kwa ajili ya msomaji wa Afrika Mashariki, na ya Kifaransa kwa ajili ya mwalikaji. Sanifu iwe jirani wa matini, isiwe mrithi wake. Hapa lipo pia jambo la kiufundi linalomhusu mwanaisimu moja kwa moja. Kila ukurasa wa intaneti unaweza kutangaza lugha yake kwa msimbo, na viwango vya kimataifa vya ISO 639-3 vina msimbo “swc” kwa Kiswahili cha Kongo, “swh” kwa Kiswahili cha pwani na “lub” kwa Kiluba cha Katanga. Mbunifu asiyetangaza chochote, au anayetangaza Kifaransa kwa kuwa alikopi umbo la ukurasa kutoka kwingine, anaiambia mitambo kwamba maneno ya Luena ni Kifaransa kilichokosewa. Herufi tatu zinatosha kuondoa kosa hilo.

Ya nne ni umiliki. Anwani ya tovuti iandikishwe kwa jina la msanii au la kundi, si la fundi wala la mfadhili, na nakala ya vitu vyote ibaki mikononi mwa msanii. Historia inaonya. Anwani za Zaire zilizoishia kwa .zr zilibadilishwa kuwa .cd baada ya nchi kubadili jina mwaka 1997, na .zr ikafutwa kabisa mwaka 2001. Mwaka 2019 ilibainika kwamba MySpace, mahali ambapo maelfu ya wanamuziki walikuwa wameweka kazi zao, pamepoteza muziki uliopakiwa kabla ya 2016. Aliyekuwa na nakala nyumbani alipoteza anwani tu. Asiyekuwa nayo alipoteza kazi.

7.0 Pingamizi mbili

Yaweza kusemwa kwamba haya ni mahitaji ya wasomi, na kwamba msanii wa Luena anahitaji mwaliko na malipo, si unukuzi. Pingamizi hii ina uzito. Ni kweli kwamba mwandaaji wa tamasha hutazama video ya dakika mbili kabla ya kusoma chochote, na ukurasa usiokuwa nayo humpoteza. Video fupi iwekwe, kwa hiyo, na iwekwe juu. Lakini baada ya dakika hizo mbili mwandaaji huyo huyo huuliza: Kundi lina watu wangapi? Onyesho huchukua muda gani? Nyimbo zinasema nini, ili zielezwe katika kijitabu cha tamasha? Ukurasa ukinyamaza, maelezo yataandikwa na mtu wa huko, kwa kukisia, na makisio hayo ndiyo yatakayonukuliwa miaka hamsini ijayo. Maneno yaliyonukuliwa na mwenyewe humtumikia mwanachuo na mwalikaji kwa pamoja.

Pingamizi ya pili ni ya hatari zaidi: kwamba kuweka maneno hadharani ni kuwapa wezi. Hapa jibu halina budi kuwa na pande mbili. Kwa upande mmoja, utungo uliochapishwa pamoja na jina na tarehe humpa mtunzi ushahidi ambao utungo uliobaki hewani haumpi. Kwa upande mwingine, yapo mambo ambayo jamii haikusudii yajulikane na kila mtu. Elimu ya lukasa yenyewe haikuwa ya kila mpita njia. Mhariri mwaminifu huacha pengo pale msanii anapotaka pengo, na huandika kwamba pengo limeachwa kwa makusudi. Uamuzi ni wa msanii. Wajibu wa mbunifu ni kumuuliza.

8.0 Hitimisho

Missa Luba, Masanga na igizo la Mufwankolo zinafundisha kwamba msanii wa Katanga hajawahi kukosa wa kumtambulisha duniani. Alichokosa ni sauti katika utambulisho wake mwenyewe. Padre alimtambulisha kwa jina la mfalme, mrekodi kwa kadi, na mtafiti kwa unukuzi katika mtambo wa mbali. Kila mmoja alihifadhi kitu na kila mmoja aliacha kitu. Leo vyombo vya kujitambulisha vimekuwa rahisi kiasi cha kuweza kushikwa na kundi lenyewe, lakini mazoea ya jalada la santuri yameingia humo pamoja navyo.

Idara za Kiswahili zina wajibu hapa. Mwanafunzi anayefundishwa kuhariri utenzi anaweza pia kufundishwa kukaa na kundi la ngoma siku tatu, kuandika majina ya wote, kunukuu nyimbo kwa lugha yake, na kumsomea mwimbaji yaliyoandikwa hadi aseme kwamba ndivyo. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala mtambo mkubwa. Inahitaji sikio lililofunzwa, na masikio hayo ndiyo ambayo idara hizo zinadai kuyafunza. Wavulana wa Kamina walioimba mwaka 1958, walio hai kati yao, sasa ni wazee, na baadhi ya majina yao bado yanaweza kuulizwa.